Kabla ya Pasaka Nitafika Getini

Wengi mliosoma wiki iliyopita mmeniuliza swali moja: Evanthia, kwani simu huna? Si ungempigia tu mwanao?

Nilipiga ya nyumbani kwao. Alipokea mumewe.

Kwa aliyekosa, nitasema kwa ufupi. Binti yangu wa pekee, Krisanthi, aliolewa na Stergios, mfuga ng'ombe wa kijiji cha juu mlimani, kijana mwenye sura ya kupendeza na mdomo wa asali. Kwanza simu ya Krisanthi iliharibika, haikutengenezwa. Kisha akaacha kazi yake ya duka la dawa hapa mjini Florina. Kisha basi la kijijini likafutwa. Majira ya vuli nikapanda teksi kwenda kumwona. Stergios akanipokea kwa kahawa, akaniambia Krisanthi amelala, kichwa kinamuuma. Dereva wa teksi akapiga honi, ana haraka zake. Nikashuka mlima bila kumwona mwanangu.

Polisi nako nilikwenda.

"Anampiga?"

Sijui.

"Amemfungia?"

Sijui.

"Sasa mama, sisi tufanye nini?"

Na mume wangu Thraso, mwenye gari na leseni tangu ujana wake, alikuwa na jibu lake lile lile: "Mke wa mtu hafuatwifuatwi."

Hapo ndipo nilipowaachia. Sasa sikilizeni yaliyonipata mwaka mpya ulipoingia.

Siku ya kwanza ya Januari tulikuwa watatu mezani, mchana: mimi, Thraso, na jirani yetu Polixeni. Polixeni ni msusi, mjane, na akishakuinamisha kichwa kwenye beseni la saluni yake utakiri hadi dhambi za bibi yako.

Thraso akakata keki ya mwaka mpya. Kipande cha Kristo, cha Bikira, cha nyumba, chake, changu, cha mgeni. Kisu kikasimama.

"Na cha Krisanthi," nikasema.

"Krisanthi anakatiwa kwake."

"Kata, Thraso."

Akakata. Halafu, kwa kuwa mwenyewe hayupo, akakila. Kumbe sarafu ya bahati, ile inayofichwa ndani ya keki, ilikuwa humo humo. Ikamvunja jino.

Polixeni alicheka mpaka akajifuta machozi. "Bahati ya mwenzio haitafuniki, shemeji!"

Thraso akashika shavu, akanuna. Polixeni, ambaye hawezi kuacha meza inyamaze, akasema, "Haya, kila mtu ataje lengo lake la mwaka huu. Shemeji, anza."

"Langu ni mwaka huu upite kama uliopita," Thraso akasema kwa upande mmoja wa mdomo.

"Na wewe, shoga?"

"Mimi nataka mwanangu awe salama."

Polixeni akatikisa kichwa. "Hilo si lengo. Hiyo ni sala. Ipeleke kanisani."

Tulipokuwa jikoni tunaosha vyombo, akanishika kiwiko.

"Mwaka juzi ulisema utapungua mwili. Mwaka jana ulisema utakuwa na amani. Umepungua?"

"Unaniona mwenyewe."

"Una amani?"

Nikasugua sahani ile ile mara ya pili.

"Kwa sababu unataja vitu visivyo na mlango. Lengo liwe na mlango, shoga, ukifika ujue umefika. Sasa niambie, katika jambo hili la Krisanthi, kuna kitu gani kilicho mikononi mwako? Si mikononi mwa Stergios, si mwa polisi, si mwa huyo mwenye jino. Mwako."

Nikaitazama mikono yangu. Ilikuwa na povu la sabuni.

"Naweza kujifunza kuendesha gari," nikasema, na mwenyewe nikashtuka.

"Ili iweje?"

"Nifike getini kwake. Nikae pale mpaka atoke. Asiwepo wa kunipigia honi."

"Lini?"

"Mwaka huu."

"Mwaka una miezi mingi, utakupotea. Lini?"

"Kabla ya Pasaka."

"Kesho asubuhi unaanza na nini?"

"Nakwenda shule ya udereva."

"Vizuri. Na mimi kila Jumamosi nitakuuliza umefika wapi, na sitakuhurumia."

Tukapatana kwamba watu waambiwe nusu tu ya lengo: Evanthia anatafuta leseni. Ile nusu ya pili ibaki kati yetu.

Thraso aliposikia alicheka mpaka jino likamkumbusha. "Na miaka hamsini na minne hiyo? Hutaliendesha gari, gari litakuendesha wewe!" Kisha akafikiri kidogo. "Lakini jifunze. Utakuwa unanipeleka kwa daktari wa meno."

Mwalimu wangu aliitwa Zisis, mtu mpole, sauti ya chini, asiye na haraka.

"Mama Evanthia, kanyaga klachi."

"Ndiyo ipi?"

"Ya kushoto."

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Mama, humu ndani sote tuna kushoto kumoja."

Siku ya kwanza niligonga pipa la taka. Ya pili niliteleza kwenye theluji, nikaingia makalio mbele katika ua wa fundi viatu. Tarehe sita, sikukuu ya kubariki maji, gari lilinizimikia katikati ya barabara, ikabidi maandamano ya kanisa yapite kushoto na kulia kwangu kama mto unaozunguka jiwe, na askofu mwenyewe akaninyunyizia maji kupitia dirishani. Vijana wakanipiga picha.

"Bibi, umeshakuwa maarufu!"

Jumamosi Polixeni akaniuliza, "Haya, wiki hii?"

"Nimemzimia gari askofu."

"Nimeuliza umefanya nini. Sikuuliza umeharibu nini."

"Nimejifunza kuondoka kwenye mlima bila kurudi nyuma."

"Hilo ndilo nililouliza."

Nawaambieni ukweli, kuna siku nilitaka kuacha. Lakini kumkabili Polixeni Jumamosi kulinitisha kuliko usukani.

Kwaresima ilipokaribia nilikuwa naendesha. Si vizuri, lakini naendesha. Zisis akasema, "Leo tupande juu kidogo, ukazoee kona."

Tukapanda. Kwenye kona ya tatu au ya nne nikaona bango la kijiji cha Krisanthi, na machozi yakaanza kunitoka yenyewe. Zisis akaniambia niegeshe.

"Kuna nini, mama?"

Alikuwa mpole, nami nilikuwa nimechoka kuibeba nusu ile ya pili. Nikamwambia yote. Mkwe wangu, simu, teksi, kichwa kinachouma. Nikamwambia kabla ya Pasaka nitafika pale.

Akafuta vumbi lisilokuwepo kwenye goti lake.

"Huyu Stergios… ni yule wa ng'ombe?"

"Unamjua?"

"Tunawinda naye nguruwe pori."

Nikaushika usukani kwa mikono miwili.

"Usiogope, mama," akasema. "Sitasema neno."

Jumatatu ya kwanza ya Kwaresima, siku isiyoliwa nyama, tukiwa mezani na maharage yetu, mlango ukagongwa. Stergios. Amebeba zeituni na halua, amevaa shati lililopigwa pasi, anatabasamu.

"Krisanthi yuko wapi?" nikauliza kabla hajakaa.

"Amepumzika, mama. Ndiyo habari niliyokuja nayo." Akageuka kwa Thraso, akamshika mikono miwili. "Baba, unakuwa babu."

Thraso hakulia alipomzika baba yake. Siku hiyo alilia. Alimkumbatia Stergios, akamimina kinywaji, akamwaga nusu mezani.

Na mimi je? Nililia pia. Ningefanyaje? Mjukuu ni mjukuu.

"Tatizo ni hospitali, baba," Stergios akasema. "Ni mbali, na pikapu langu linanuka ng'ombe, Krisanthi anatapika njia nzima."

"Chukua gari langu!" Thraso akasema, na ufunguo ulishakuwa nje ya mfuko.

"La, baba, gari ndilo miguu yenu. Na mama anajifunza." Akanitazama kwa upole. "Mama anasemaje?"

Wasomaji wangu, wekeni roho zenu mahali pangu. Ungesema nini? Usimpe mwanangu mjamzito gari?

"Chukueni," nikasema. Kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Mungu akubariki, mama."

"Kesho nitapanda nikamwone."

"Daktari amesema asipate misukosuko." Akabusu shavu langu. "Njoo baada ya Pasaka, mama. Baada. Si kabla."

Mdomo wake ulikuwa bado karibu na sikio langu. Nikaelewa kwamba Zisis alikuwa amesema.

Jumamosi nikamwambia Polixeni, "Basi tena. Gari sina. Na mtoto yuko njiani, nitaonekana mchawi."

"Mtihani lini?"

"Hujanisikia? Gari sina!"

"Nimekusikia. Mtihani lini?"

Mtihani wa kwanza nilianguka. Msimamizi alisema pinda kushoto, nami nikapinda kulia, kuelekea mlimani, kama ng'ombe anayejua zizi lake. Akaniambia, "Mama, ulikuwa unakwenda wapi?"

Mtihani wa pili nilipita.

Nikaingia saluni nimeishika leseni mbele kama mshumaa. Polixeni alikuwa anamkausha nywele mke wa mwokaji mikate. Hakusema hongera. Alifungua droo, akanitupia ufunguo wa kigari chake chekundu katikati ya vitana.

"Sasa fika. Likirudi na mkwaruzo nakunyoa upara."

Nilikwenda Jumamosi ya Lazaro, ile ya kabla ya Jumapili ya Matawi, asubuhi, Thraso alipotoka kwenda mkahawani. Kwenye kituo cha mafuta nilipishana na Zisis. Akaninyooshea mkono kunisalimu. Nami, mjinga mimi, nikamnyooshea kwa fahari.

Njia nzima nilizungumza na gari kama punda. Polepole, mama. Gia, mama. Usitazame bondeni, mama.

Nikafika. Nikasimama pale pale getini kwa Krisanthi, wiki nzima kabla ya Pasaka.

Lango halikuwa na kufuli, lilishikwa na kulabu tu. Pikapu lilikuwepo. Gari la Thraso halikuwepo. Krisanthi alitoka zizini na ndoo ya maziwa, amevaa koti la mumewe, nywele amezifunga na kipande cha kamba.

Ndoo ikayumba.

"Mama? Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Akachungulia ndani ya gari, kiti cha mbele na cha nyuma. "Nani anaendesha?"

"Mimi."

Akacheka. Kicheko kile kile cha utotoni. Halafu kikakatika, akaangalia barabara.

Nikaishika ile ndoo. "Kwa nini unabeba mzigo na hali yako?"

"Hali gani?"

"Mimba, mwanangu."

"Mimba gani, mama?"

Tukatazamana. Nikalitazama tumbo lake. Alikuwa amekonda, mifupa ya nyonga inajionyesha juu ya mkanda.

"Alikuja nyumbani," nikasema. "Alisema… Baba yako akampa gari kwa ajili yako."

"Gari alileta. Ufunguo anatembea nao. Mimi sijalipanda."

Sikutaka kusikia zaidi. Nikafungua mlango wa abiria. "Ingia. Twende nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwetu, Krisanthi! Kwa baba na mama yako!"

"Nilishakuja, mama."

"Lini?"

"Vuli. Kabla hujaja na teksi. Nilishuka kwa miguu alfajiri, lori la kuni likanichukua, likaniteremsha darajani. Nikamkuta baba anatoka mkahawani. Nikamweleza yote, mama, pale pale barabarani, kila kitu, hata yale ambayo binti hamwambii baba. Akanifungulia mlango wa gari. Nikajua ananileta kwako." Akaonyesha barabara ya mlimani kwa kidevu. "Akapinda huku. Njia nzima hakusema neno. Tulipofika hapa akamwambia Stergios, 'Umeangusha kitu chako njiani.' Halafu akanigeukia, akaniambia nisikwambie, una presha."

Nikashika paa la gari.

Vuli. Majira yale yale niliyokuwa namwomba anipandishe, naye ananijibu mke wa mtu hafuatwi. Nilimpikia miezi yote ile. Nilimfungia barafu kwenye kitambaa kwa ajili ya shavu lake.

"Basi niambie, mama," Krisanthi akasema taratibu, kama anayemwelekeza mtoto. "Nikiingia humu, unanipeleka wapi?"

Polixeni aliniuliza ni nini, akaniuliza lini, akaniuliza naanza na nini, na kila Jumamosi akaniuliza nimefika wapi. Yote niliyajibu. Hilo hakuniuliza, wala mimi sikujiuliza. Lengo langu lilikuwa na mlango, na nilikuwa nimesimama mlangoni, na nyuma ya mlango hapakuwa na nyumba.

"Kwa Polixeni," nikasema, ndilo lililonijia.

"Polixeni ukuta mmoja na baba."

"Kwa padri."

"Padri ndiye aliyenifungisha ndoa, na jibini analolila linatoka zizi hili."

"Basi popote! Ingia, tutajua njiani. Ingia, mwanangu, nakuomba."

Akaitazama nyumba. Sikujua anaaga au anasikiliza kitu. Akaweka ndoo chini, hakurudi ndani kuchukua hata kitambaa cha kichwa, akaingia, akafunga mlango. Nikazunguka mbio, nikawasha gari.

Ndipo honi ikalia kwenye kona.

Ile honi naijua. Ina mafua tangu Krisanthi anasoma shule ya msingi. Gari la Thraso likapanda, likakata kona, likasimama limekingama barabarani nyuma yetu, upande wa kuteremkia mjini. Usukani alikuwa nao Stergios. Pembeni yake, amefunga mkanda kama mtoto anayepelekwa shule, alikaa mume wangu.

Stergios akashuka anatabasamu. "Mama! Zisis ameniambia unaendesha vizuri, nikasema lazima na baba aje aone!"

Akapita dirishani kwangu bila haraka, akaenda kusimama mbele ya gari. Nyuma yake barabara ilipanda kuingia msitu wa miti mirefu, kuelekea mpakani. Huko sijawahi kufika. Sijui inakotokea, wala kama theluji imeshaondoka.

Thraso akaja upande wangu. Tangu tuoane sikuwahi kumtazama nikiwa mimi niliyeshika usukani na yeye amesimama nje.

"Evanthia, zima gari."

"Ulimrudisha, Thraso?"

Akatazama viatu vyake.

"Nimekuuliza. Ulimrudisha?"

"Zima gari tuzungumze kama watu wazima. Watu wanatuangalia."

Kweli, mapazia mawili yalikuwa yamefunguliwa ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyetoka.

"Hiyo mimba ni uongo," nikamwambia. "Mtazame! Mtazame mwanao!"

Macho yake yakaenda kwa Krisanthi, yakafika nusu, yakarudi. Akaingiza mkono dirishani, anatafuta ufunguo.

Krisanthi akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, vinanuka maziwa.

"Mama," akasema, "usizime."

Stergios akaweka viganja vyake viwili juu ya boneti, taratibu, kama anayemtuliza ng'ombe asiyetaka kukamuliwa, akanitazama machoni kupitia kioo na kutabasamu. Mkono wa Thraso ulikuwa umeshafika kwenye ufunguo. Na mguu wangu ulikuwa juu ya kanyagio la mafuta. Hapa nawaachia hadi wiki ijayo.